Marudio

Huku panaitwa Ghala. Siku ya kwanza nilicheka:
nimepanda ndege kutoka Voi
kuja kulinda ghala mahali panapoitwa Ghala.
Sasa sicheki. Ni saa saba usiku, joto limegoma kushuka,
skrini kumi na mbili mbele yangu zinaonyesha
katoni za samaki wa barafu, zimelala, hazina habari,
na ya kumi na tatu, ya simu, imeegemea chupa ya maji.
Hiyo inaonyesha mpira.

Kubeti hapa ni kosa, tena ni haramu. Nalijua hilo.
Kwa hiyo mkeka wangu haukusukwa Maskati.
Ulisukwa nyumbani kwa kidole cha shemeji yangu Mwadime,
ukili kumi na moja, shilingi elfu tatu,
na mechi kumi zimeshaitika jina kama watoto darasani.
Imebaki hii. Jezi za samawati zishinde, basi.
Dakika ya tisini na tatu, zinaongoza moja bila.

Nimeshaezeka. Kichwani mwangu mabati yako juu,
geji thelathini, mvua ya kwanza inayapigia makofi,
na jirani anamwambia mama, "Kumbe yule mwanao!"

Kisha mpira unamgonga beki. Kifua? Mkono?
Refa anagusa sikio
kama mtu anayeitwa na marehemu.
Anachora mraba hewani, anakimbilia kitelevisheni cha kandoni,
anainama. Nami nainama.
Wanarudisha nyuma. Polepole. Wanarudisha tena.
Polepole, kila mkono una hatia.
Punguza mwendo wa kitu chochote
utakiona kinakusudia.

Penalti. Moja moja. Kipenga.
Mkeka umefumuka kwenye ukili wa mwisho.
Mwadime anatuma: "Tumeibiwa, shemeji."
Kisha: "Refa mwizi."
Kisha sauti ya dakika mbili, nusu Kidawida, nusu matusi.
Nami naanza kuandika: *Mtu anahukumu vipi
kwa picha yenye ukungu, mara tatu tu,
bila hata kumuuliza aliye*

Kidole kikasimama.

Shaabani. Kamera ya nne, mlango wa chumba cha baridi.
Katoni sita za kamba wa Masira ziko chini, zimepasuka.
Msellem, bwana wa zamu, mama yake mzaliwa wa Wete,
ananiuliza kwa Kiswahili kitamu kuliko changu:
"Hebu tizama weye. Kaziangusha huyu, au zimeteleza zenyewe?"
Huyu ni Shofiqul, mpakiaji, mtu wa Komilla.
Nikarudisha nyuma mara mbili.
Mara mbili! Refa wangu wa leo kanishinda kwa moja.
Nilikuwa na njaa, basi la kambi linapiga honi nje.
Mkono ulikuwepo pale. Nikasema, "Mkono wake."

Riali arubaini na tano, miezi mitatu. Huu ni wa pili.
Hakuna aliyezomea; hakukuwa na jukwaa.
Shofiqul alivua glavu, akazikunja
moja ndani ya nyingine, taratibu, kama soksi za mtoto.

Kwenye simu wachambuzi wa suti bado wanabishana:
kwapa, kiwiko, umbo la kawaida la mwili.
Nafungua kumbukumbu za kamera ya nne.
Natafuta tarehe.
Mashine inanijibu kwa adabu kwamba picha
hutunzwa siku thelathini, kisha hujifuta.

Alfajiri anapita, koti la baridi begani,
anainua kidevu kuelekea simu yangu. "Mpira?"
Neno hilo nilimfundisha mimi.
"Sare," nasema. "Penalti. Dakika za mwisho."
Anasikitika kwelikweli, anapiga ulimi.
"Refa?" anauliza.
"Refa," nasema,
na mkono wangu, sikuutuma,
uko kifuani.